Orodha ya Marehemu Benedikto

Morogoro Mjini, 10 Februari 2025

Mjomba Severini,

Shikamoo. Mimi mpwa wako Paskalia sijambo. Mama naye hajambo, goti limetulia tangu aache kukimbilia kiti cha mbele kanisani. Anakusalimu, anauliza kama zile mbegu za njegere alizokupa Krismasi zimeota. Jastin wangu ameota meno mawili, anauma kila kitu, mpaka rimoti. Huku ni joto tupu, tunaionea wivu baridi yenu ya Lusegwa.

Nimekupigia simu mara kumi na nne. Najua unaiwasha Jumapili tu baada ya misa, ndiyo maana naandika na kumpa Kasiani wa pikapu ya mboga.

Mjomba, kuna tatizo. Tangu marehemu Benedikto atutoke na kamati kunipa ukatibu wake wa Umoja, taarifa za mavuno hatuzitumi tena mojamoja. Wateja wamefika mia moja na arobaini. Tumejiunga na kampuni inaitwa Tarishi, kazi yao ni kusambaza baruapepe kwa niaba ya vyama kama chetu. Juu wanaandika kwamba inatoka Umoja wa Wakulima Lusegwa, lakini kompyuta ya anayepokea haiamini maneno matupu. Inakwenda kuuliza kwenye kikoa chetu, yaani lile jina letu la mtandaoni: "Hawa Tarishi mmewatuma ninyi?" Kikoa kinajibu hakiwajui. Basi barua inatupwa kwenye kapu la taka. Bwana Hafidhi, yule anayenunulia hoteli za Dar, hakuiona taarifa ya Jumanne iliyopita mpaka Ijumaa. Lori lake halikuja kupakia Mikese, karoti za watu zimeliwa na ng'ombe.

Dawa yake ni kuandika mambo matatu kwenye kikoa. Kwanza, kuirekebisha orodha ya wanaoruhusiwa kutuma kwa jina letu, Tarishi wawemo. Pili, kutundika mfano wa mhuri wao, ili anayepokea alinganishe. Tatu, kuweka agizo: barua isiyolingana ifanyweje. Hapo tuanze na "tazama tu", tusiwe wakali mpaka tujue kila kitu kinapita.

Kikoa kimeandikishwa kwa jina lako. Neno la siri unalo wewe, na kila mtu akitaka kuingia, namba inakuja kwenye simu yako. Nakuomba uniruhusu niingie. Kazi ya robo saa.

Mpwa wako,
Paskalia


Lusegwa, 22 Februari 2025

Paskalia wa Angelina,

Marahaba. Barua yako imefika na mafuta ya vitumbua, mwambie Kasiani barua si sahani. Mimi mzima kuliko hao vijana, juzi nimepandisha mfuko wa mbolea toka barabarani mpaka shamba la juu bila kuutua, waulize watu. Mbegu za mama yako zimeota ila si kama zangu. Kabichi zangu mwaka huu mtu akibeba mbili njia nzima anapewa pole na hongera, wanadhani ana mapacha.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Mimi shule niliingia mpaka darasa la pili nikaona nimeshaelewa, nikatoka.

Hilo jambo lako nimelijua kuliko ulivyolieleza. Ni ushenga huo. Mtu haingii kwenye nyumba ya watu akasema nimetumwa na ukoo fulani akapewa kiti hivihivi, lazima waulize mjomba wa huko anamjua? Mimi hapa nimerudisha washenga wanne wa mama yako kabla ya baba yako kufika, na mmoja alikuja na mbuzi. Mshenga alirudi, mbuzi alibaki. Sasa nijibu, huyo Tarishi ni wa ukoo gani? Mama yake nani? Mimi Severini nimeshuka mjini kwa mguu na barua za kijiji hiki wakati wewe hujazaliwa, sikumtuma mtu nisiyemjua kwao.

Halafu mhuri. Mhuri wa Umoja uko kwenye sanduku langu chini ya kitanda, wa duara, wa zambarau. Unataka tutundike mfano hadharani! Mwizi akipita si atauchonga?

Na lililo zito ni hili. Hiyo orodha iliyopo aliiandika Benedikto mwenyewe. Benedikto tumemzika Januari. Matanga hayajaanuliwa, mrithi hajasimikwa, jembe lake liko palepale ukutani hakuna mtu ameligusa hata kwa kufuta vumbi. Wewe unasema tuirekebishe orodha yake. Tutaanzaje? Na wewe ni mtoto wa ukoo unajua.

Usihangaike. Pale mnadani Editha ana duka la kuchapa, ana kompyuta na umeme wa jua. Nitakwenda nifanye mwenyewe. Wala usije.

Mimi mjomba wako, Mwenyekiti,
Severini
(nimegonga mhuri mara tatu uone ulivyo)


Morogoro Mjini, 3 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Nafupisha, Kasiani anapiga honi.

Tafadhali usifanye mwenyewe. Tarishi si mtu, ni kampuni, haina mama. Mhuri wao si huo wa sandukuni. Wa kugongea wanabaki nao kwa siri, sisi tunatundika wa kulinganishia tu, mwizi hapati kitu. Na nakuomba kuliko yote: kikoa kinatakiwa kuwa na orodha moja ya watumaji. Zikiwa mbili, kompyuta haijui ifuate ipi, haifuati hata moja. Ni sawa na kutokuwa na orodha. Na agizo liwe "tazama tu". Tazama tu, Mjomba!

Mvua zimeanza, nasikia barabara inataka kukatika. Naomba hii ikuwahi.

Paskalia


Lusegwa, 5 Machi 2025, Jumatano ya Majivu

Paskalia mwanangu,

Naandika nikiwa na majivu kwenye paji la uso, kwa hiyo ujue sisemi uongo. Tangu barua yangu ile sijapata jibu, nikaona ukimya ni kukubali.

Kazi imekwisha! Nilikwenda kwa Editha jana, nikatoa neno la siri, nikamwambia ageuke nyuma niandike mwenyewe. Kila herufi ilinichukua muda kuitafuta kwenye vile vibonye, maana aliyevipanga alikuwa amelewa, A iko mbali na B kama Mikese na Dakawa. Namba ikaja kwenye simu, nikaisoma kwa sauti, duka zima wakapiga makofi.

Ya Benedikto sikuigusa. Nimeandika orodha yangu mimi nikaiweka juu yake, kama mtu anavyotandika mkeka juu ya mkeka. Huyo Tarishi wako nimemwingiza, nimekusamehe. Mhuri sikutundika. Kuhusu lile agizo la tatu, Editha alinisomea yote yaliyopo nichague. Nimechagua linalofaa kwa mwanaume. Nyumba yenye mwenyewe haisemi "tazama tu".

Watu wananiita Mhandisi sasa. Mimi nawaambia waache, lakini hawaachi.

Severini, Mwenyekiti


Morogoro Mjini, 24 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Jastin amefikisha meno manne. Barua yangu ya tarehe 3 na yako ya tarehe 5 nadhani zimepishana kwenye tope, maana Kasiani anasema alilala njiani siku mbili.

Mwanzoni barua zetu zilikuwa zinatupwa kapuni. Sasa hata kapuni hazifiki. Zinageuzwa mlangoni zote, za Tarishi na hata zile ninazoandika mwenyewe kwa anwani ya Umoja. Yaliyoandikwa kwenye kikoa ni ya hadharani, kila mtu anaweza kuyatazama, nami nimeyatazama. Ziko orodha mbili, kwa hiyo hakuna orodha. Mhuri hakuna. Na chini yake umeweka agizo "kataa". Umeziambia kompyuta zote duniani kwamba asiyekuwa na orodha wala mhuri akija kwa jina la Lusegwa afukuzwe. Ndivyo zinavyofanya. Zina adabu kuliko sisi.

Lori halijaja Mikese wiki tatu. Nampigia Bwana Hafidhi kila Jumanne, ananijibu vizuri, ila mabosi wake wanataka maandishi. Ameniambia neno moja: kufikia mwisho wa Aprili taarifa zisipofika kama zamani, anahamia kwa wakulima wa Lushoto. Mjomba, yule peke yake anachukua nusu ya mboga za kijiji.

Naomba uniruhusu nirekebishe.

Paskalia


Lusegwa, 2 Aprili 2025

Paskalia,

Marahaba, salamu za mama yako nimezipata. Njegere zake zimeingia wadudu. Zangu hapana.

Nimesoma maneno yako mpaka mwisho na sikuyapenda. Mimi nina miaka sabini na moja, sijawahi kurudisha neno nililolitoa. Mwaka ule wa njaa nilisema sihami, sikuhama. Nilisema sitavaa miwani, mpaka leo sivai, naandika hii kwa kuikunjia jicho. Nikisema kataa ni kataa, na hao wa Lushoto waulize kabichi zao zina uzito gani! Lori kutokuja ni mvua. Na matanga ya Benedikto bado, tumepanga baada ya Pasaka, kwa hiyo usinisogelee na habari ya orodha.

Nina jambo la maana zaidi nataka unisaidie. Nimechezewa mchezo. Niliamua mwaka huu kabichi zangu ziende maonyesho ya Nane Nane pale mjini, watu waone. Nikamwambia Editha aandike kwa waandaaji kuomba nafasi, kwa anwani ya Umoja, kwa heshima zote, nikataja na mbuzi wangu. Barua imerudi siku hiyohiyo. Haikulala hata usiku mmoja! Editha akasoma: imekataliwa. Haijaulizwa kabichi ukubwa gani, imekataliwa tu. Mimi, Severini!

Kuna mtu ananiroga kwa maandishi. Namshuku Raphael, mwenyekiti wa kijiji cha ng'ambo, maana kabichi zake ni kama ngumi ya mtoto na tangu mwaka juzi hanitazami machoni. Ulizia huko mjini ni nani ametoa amri barua yangu ikataliwe. Nitajie jina lake tu. Mengine niachie mimi.

Severini


Morogoro Mjini, 12 Aprili 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Leo sina habari za meno.

Nimeulizia. Editha alinitumia ile barua iliyorudi, nimeichapa, naiambatisha hapa. Mpe Raphael pumziko, hahusiki. Soma mstari wa nne, au Editha akusomee: "Imekataliwa kwa agizo la mwenye kikoa." Mwenye kikoa cha Lusegwa ni Severini. Waandaaji hawakukukataa, Mjomba. Kompyuta yao ilikuja kwako kuuliza: "Hii kabichi mmeituma ninyi?" Na wewe ukajibu: "Fukuza."

Nimefikiri sana kuhusu Benedikto. Mimi pia nilimpenda, yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na siku ya kwanza nilifuta taarifa zote za mwezi akanicheka mpaka akakohoa. Sitaki orodha yake ifutwe. Sikiliza: haina haja ya kufutwa. Maneno yake yanabaki yote, katika mstari uleule, tunaongeza la Tarishi mwishoni, basi. Inayopaswa kuondoka ni ile ya juu. Ya kwako.

Kamati ilikaa Alhamisi bila wewe. Waliyosema sitakuandikia.

Hafidhi anangoja taarifa ya Jumanne tarehe 29. Hiyo ndiyo ya mwisho. Karatasi ya pili niliyoweka ina mstari wa mhuri wa Tarishi, herufi mia nne hazina maana yoyote, zinaandikwa zilivyo.

Mpwa wako,
Paskalia


Lusegwa, 4 Mei 2025

Paskalia mwanangu,

Marahaba. Mwambie mama yako matanga yalikwenda salama, na kwamba pombe iliisha kabla ya maneno, kitu ambacho hakijawahi kutokea hapa.

Nakuandikia yote kwa mpangilio, maana Editha ni mwepesi wa kupiga simu na najua ameshakuambia nusu, nusu isiyokuwa yangu.

Jumamosi ya tarehe 26 tulianua. Athanas, mpwa wake Benedikto, ndiye aliyesimikwa. Akapewa jembe, akapewa koti, akapewa na redio. Mzee mmoja akauliza kama kuna kitu cha marehemu kimebaki. Nikasimama. Nikasema kipo, kiko hewani, hakishikiki. Wakasema Severini amekunywa. Nikasema sijanywa, ninyi ndio mmemaliza. Nikawaeleza habari ya orodha. Walielewa upesi sana, kwa sababu nilieleza mimi. Ila yule dada yake Benedikto, Mwaisha, ana mdomo yule, akaniuliza mbele ya watu, "Shemeji, hiyo orodha ya juu ya kaka yangu nani aliiweka?" Nikasema iliwekwa. Akasema, "Iliwekwa na upepo?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama mlima.

Athanas ni kijana mwenye akili. Hakucheka. Akasema, "Babu, mimi maneno ya mjomba naruhusu yaongezwe, hayo ni yangu kuanzia leo. Lakini ya kwako siwezi kukufutia. Ya kwako ufute mwenyewe."



Jumatatu nimekwenda kwa Editha asubuhi kabla hajapanga hata kalamu. Nikaingiza neno la siri. Namba ikaja. Akanionyesha mstari wangu, akasema, "Bonyeza hapa, mzee, unaondoka." Nikamwambia aniandikie kwanza kwenye karatasi, ili ulimwengu ujue uliwahi kuwepo. Akaandika. Nikabonyeza. Mstari ukaondoka kama haujawahi kuwa wa mtu, wala haukutoa sauti. Nilitegemea utatoa sauti.

Halafu tukaongeza Tarishi kwenye mstari wa Benedikto. Halafu mhuri, herufi mia nne, mimi nasoma kwa kidole, Editha anaandika, tumekosea mara mbili tukaanza upya. Nimekubali kuazima miwani ya Editha. Kuazima si kuvaa. Agizo nikalishusha. "Tazama tu." Nilipolisema Editha aliinama chini ya meza akijifanya anatafuta kitu.

Akaniambia inachukua saa kadhaa dunia nzima kupata habari. Nikakaa palepale dukani mpaka jioni kuhakikisha dunia inapata.

Alhamisi, Mei Mosi, nikapanda pikapu ya Kasiani juu ya mboga mpaka Mikese. Si kwamba nilikuwa na wasiwasi. Nilitaka kuona barabara. Nikakaa na wauza mahindi kutoka saa mbili. Saa nne, hakuna. Saa tano Kasiani akaanza kutazama kabichi kwa jicho la huruma, nikamwambia atazame pembeni. Nilikuwa nawaza kina mama walioamka usiku kuvuna wakiwa na taa, na kwamba wote wanajua ni nani aliyebonyeza nini. Saa sita kasoro lori la Hafidhi likaingia kutoka Dar na taa zake mchana kweupe.

Dereva akashuka na simu. Akanisomea, "Umoja wa Wakulima Lusegwa, taarifa ya mavuno." Nikamuuliza ilikaa kapuni? Akasema haikukaa kapuni, ilikuja mbele, moja kwa moja. Nikamuuliza tena. Akasema tena. Nikamwambia mimi ndiye mwenye hilo jina. Akasema, "Shikamoo mzee, leteni kabichi." Tumepakia mpaka pikapu ikabaki na majani.

Sasa lile la kamati ambalo hukuniandikia. Nimeshalijua siku nyingi, Lusegwa haina ukuta. Wanataka kikoa kihamie kwenye jina lako. Mimi nilikuwa nangoja mtu aje kuniambia usoni nimpige bakora, hakuna aliyekuja, na wewe pia umenyamaza. Nimefikiri kule Mikese juu ya magunia. Kamati haiwezi kuniondoa, huo ni ukweli. Lakini nimemuona Athanas na jembe lile. Alilishika vizuri. Na Benedikto hakumuona akilishika.

Basi nimeamua mimi, wala si kamati, waandikie hivyo kwenye muhtasari. Wewe ni mpwa wangu, tumbo la dada yangu. Kilicho changu ni chako, na sioni kwa nini mpaka nife ndiyo watu wakae na pombe. Kikoa chukua. Agizo lile ukiona wakati umefika wa kulipandisha liwe kataa, pandisha, kwa sababu neno lenyewe halikuwa baya, lilifika mapema.

Neno la siri siliandiki kwenye karatasi hii, Kasiani anajua kusoma. Editha anasema mnaweza kulibadilisha wenyewe kwa mbali bila mimi. Najua. Lakini urithi haupandi pikapu pamoja na vitunguu. Njoo mwenyewe Jumamosi ya tarehe 17, mlete na Jastin, barabara imekauka. Nitakunong'oneza sikioni mbele ya mashahidi, kama inavyotakiwa.

Mashahidi nimeshawaalika, wako kumi na mmoja. Nimewaambia waje na pamba za masikio.

Mjomba wako,
Severini